Mlango Juu ya Pijo

Tulitoka Pasua alfajiri, ukungu bado umelala mferejini,
mlango wa mninga juu ya Pijo,
umefungwa kwa kamba ya katani na mipira ya baiskeli,
kitasa chake kikitazama mbingu.
Fundi Shekalaghe alilizunguka gari mara mbili,
akagonga ubao kwa kifundo cha kidole,
akasema, "Huu utaizika nyumba."
Baba akacheka. Mama hakucheka.

Sisi watatu nyuma, na mfuko wa saruji, na debe la mafuta ya taa,
na kuku aliyefungwa miguu, asiyejua anakwenda kwa nani.
Oforo alihesabu mashimo. Alipofika mia na arobaini
akaanza upya, kwa sababu, alisema,
yale ya Kiboriloni hayakuwa mashimo, yalikuwa visima.

Lami iliisha kama sentensi ya mtu aliyeitwa ghafla.
Tukaanza kupanda: udongo mwekundu, mawe yametoa magoti,
migomba imesogea, majani yanafuta vioo.
Mama: "Ungepita juu, kanisani."
Baba: "Juu kuna lori limelala tangu Jumanne."
"Nani kakwambia?"
"Watu."
Halafu kimya, kile kimya cha ndani ya gari
ambacho hata mtoto anajua asiombe maji.

Kwenye kona ya chini ya shamba la kahawa
mvua ya usiku ilikuwa inatusubiri.
Tope lilishika gurudumu la nyuma, la kushoto,
bila hasira, kama mwenyeji anayekushika mkono
usiondoke kabla ya chakula.
Baba akakanyaga mafuta. Tukazama.
Akakanyaga tena. Tukazama kwa heshima zaidi.
Tulisukuma; Aikande alipoteza kiatu, hadi leo kiko huko.
Tukaweka mawe, yakamezwa.
Tukaweka magome ya migomba, yakamezwa.
Mtu mmoja akapita na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani,
akatuangalia, akasema, "Hapa panataka ubao,"
akaenda zake.

Sote tukatazama juu.

Sijui nani alianza kufungua kamba.
Najua Mama alisema, "Uulaze kifudifudi, tope lisiguse uso,"
akacheka mwenyewe kwa kosa lake,
na Baba akajibu, "Mlango hauna mgongo. Pande zote ni uso."
Tukaulaza pale taratibu, kama mgonjwa.
Gari likaupanda. Mninga ukalia mara moja tu,
mlio mfupi, wa mtu mzima.
Tukatoka.

Baba akakaa juu ya jiwe. Aliufuta kwa shati lake,
kisha akaacha kuufuta.
Mama akavuka hadi kwenye ua wa watu tusiowajua,
akakata jani moja la isale,
akaliweka kwenye dashibodi, mbele ya usukani.
Hakusema neno. Isale halihitaji mkalimani.
Nani alikuwa na kosa, hadi leo hatujakubaliana,
lakini Baba alilitazama lile jani muda mrefu,
akawasha gari,
akasema, "Kurudi tutapita kanisani."

Kwa Bibi Aikaruwa pazia la gunia lilikuwa bado linapepea
pale mlango ulipopaswa kuwa.
Alipitisha kiganja juu ya michirizi ya tairi,
akarudia, polepole, kama anayesoma barua.
Kijana wa jirani alishakwenda kuleta randa.
"Irudishe," Bibi alisema.
"Na upande huo ukae ndani. Nataka niuone nikiwa nimekaa."

Sasa lami imefika hadi juu ya kwake,
Pijo ilikwisha kuwa mabati ya banda la mbuzi,
na mimi nimepanga Arusha, kwenye milango laini, myepesi,
inayofunguka kwa kidole kimoja.
Ule wa Bibi kila masika huvimba.
Hukwama palepale, kona ya chini, ya kushoto,
na humo kwenye michirizi bado hutoka chembe nyekundu.
Mtu mmoja hauwezi.
Lazima uite mwenzako aje,
msukume.